Kulitii Neno ulilolisoma: mwongozo kamili wa hatua saba

Wasomaji wa Busia mpakani, wa kambi za jeshi, wa Kampala na wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale huuliza swali lile lile: “Nasoma Biblia kila siku, mbona maisha yangu hayabadiliki?” Ukimwuliza mtu huyo amesoma nini jana, mara nyingi anakumbuka. Ukimwuliza amefanya nini kwa sababu ya alichosoma, anakaa kimya.

Hapo ndipo watu wanapokwama, na hapo ndipo mwongozo huu unapoanzia. Umeandikwa kwa aliyekwisha kuamini, anayesali na kwenda kanisani, lakini akifunga Biblia anaendelea na siku yake kana kwamba hakuisoma.

Kanuni ni moja: usifungue kifungu kipya kabla hujatenda jambo moja lililo ndani ya kifungu ulicho nacho. Yakobo 1:22 inasema, “Lakini iweni watendaji wa neno, wala si wasikiaji tu, hali mkijidanganya nafsi zenu.” Ona anayedanganywa hapo ni nani. Ni msikiaji mwenyewe. Kusikia kwingi kunampa mtu hisia kwamba ametii, na kadiri anavyosikia zaidi ndivyo hisia hiyo inavyokua.

Soma mwongozo wote mara moja, kisha rudi juu uanze hatua ya 1 wiki hii hii.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Biblia ya lugha unayoielewa bila kukisia. Kama Kiswahili cha kanisani kinakupita, tumia Biblia ya Kiluganda, Kiacholi, Kilugbara au lugha nyingine uliyolelewa nayo. Chama cha Biblia cha Uganda kina jengo lake barabara ya Bombo, Kampala, na Biblia za lugha nyingi za nchi hii hupatikana pale. Biblia ya kwenye simu inafaa pia, ila zima data kabla ya kusoma, maana ujumbe mmoja wa WhatsApp unatosha kukuondoa.

Daftari na kalamu. Daftari la kawaida la shule linatosha. Usiandike kwenye simu. Daftari litakaa mezani likikukumbusha ulichoahidi.

Mtu mmoja. Nitamwita shahidi. Awe mwaminifu, wa jinsia yako, anayeweza kufunga mdomo, na asiyekuogopa. Mchungaji mwenye waumini mia tatu hafai kazi hii kwa sababu hana nafasi. Mume au mke anafaa kwa mengi, lakini yako mambo yanayomhusu yeye mwenyewe, na hayo utashindwa kumweleza kwanza. Tafuta jirani, mwenzako wa stejini au dada wa kwaya.

Nusu saa isiyohamishika. Asubuhi kabla ya teksi ya kwanza, au usiku watoto wakishalala. Chagua moja.

Nauli kidogo. Wengi wanasahau hii. Utii una safari ndani yake: kwenda kwa ndugu kijijini, kurudi dukani, kumfuata mtu uliyemdanganya. Weka shilingi elfu chache kando kila wiki kwa kazi hiyo, ili ukosefu wa nauli usiwe kisingizio.

Huhitaji mafuta maalumu, maji ya kunyunyiza wala semina ya kulipia. Kama kuna mtu anakuuzia utii, ondoka kwake.

## Hatua ya 1: Chukua kifungu kifupi ukae nacho wiki nzima

Anza na Waefeso 4:25-32. Ni mistari minane tu.

Kwa nini kifupi? Kila Januari watu wengi huanza mpango wa kusoma Biblia nzima kwa mwaka. Kitabu cha Mwanzo kinapita vizuri, Kutoka kinapita, kisha wanaingia Walawi yenye sura 27 na wanaachia hapo. Hata wanaofika mwisho husoma sura tatu au nne kwa siku, na hakuna mtu anayeweza kutenda sura nne kwa siku. Mimi sipendekezi mpango wa mwaka mzima kwa mtu ambaye bado hajajifunza kutii mstari mmoja. Utakuja wakati wake.

Kwa nini Waefeso 4? Kwa sababu mistari hiyo inagusa uongo, hasira, wizi, kazi, maneno ya kinywa na msamaha. Hakuna mtu mzima anayeweza kuisoma akasema hayamhusu.

Angalizo: usifungue Biblia popote na kuchukua mstari wa kwanza uliouona kuwa ujumbe wa leo. Wengi wanafanya hivyo, na siku itakayofunguka kwenye ukoo wa watu wa 1 Mambo ya Nyakati hawatajua la kufanya.

Utajua umefaulu pale utakapoweza kumsimulia mtoto wa miaka kumi mistari yote minane bila kufungua kitabu, kwa maneno yako mwenyewe.

## Hatua ya 2: Soma mara tatu, ukitafuta kinachoamriwa

Mara ya kwanza soma kwa sauti, moja kwa moja. Mara ya pili jiulize: nani anasema, anamwambia nani? Mara ya tatu pigia mstari kila neno linaloagiza kitu kifanyike au kiachwe.

Katika Waefeso 4 utapata mengi: uvueni uongo, mkaseme kweli, mwibaji asiibe tena, neno ovu lisitoke vinywani mwenu, mkasameheane.

Swali la pili ndilo linaloponya makosa mengi. Biblia ina amri, ina ahadi, ina maombi, na ina habari za mambo yaliyotokea. Gideoni aliweka ngozi ya kondoo nje usiku ili apate ishara (Waamuzi 6). Hiyo ni habari ya Gideoni. Hukuambiwa uombe ishara kabla ya kumlipa mwenye nyumba kodi yake. Waefeso 4, kwa upande mwingine, ni barua kwa watu waliokwisha kuamini, inawaambia jinsi ya kuishi pamoja. Wewe ni mmoja wao.

Angalizo: usikate mstari katikati ili umshikishe mtu mwingine adabu. Wako wanaume wanaojua Waefeso 5:22 kwa moyo, inayohusu wake kutii, na hawajawahi kusoma mstari wa 21 unaosema watu wote wanyenyekeane, wala wa 25 unaowaagiza waume kuwapenda wake zao kama Kristo alivyolipenda Kanisa akajitoa kwa ajili yake. Amri iliyoandikwa kwako ndiyo kazi yako. Ya mwenzako mwachie mwenzako.

Utajua umefaulu pale utakapokuwa na orodha ya amri zote za kifungu, na moja kati ya hizo inakukera kuliko nyingine. Weka alama kwenye hiyo. Hapo ndipo pa kuanzia.

## Hatua ya 3: Andika tendo moja lenye mtu, kitu, mahali na siku

Kazi nzima ya mwongozo huu imelalia hapa, kwa hiyo nenda polepole.

Watu wengi wakifika hatua hii wanaandika: “Nitakuwa mkweli.” “Nitawapenda majirani.” “Nitaacha hasira.” Hakuna hata moja kati ya hizo inayoweza kutendwa Jumanne saa nne asubuhi. Ni nia njema tu, na Ijumaa ikifika huwezi kusema kama umeifanya au la.

Tendo la kweli lina sehemu nne: nani, nini, wapi, lini. Tuchukue mstari wa 28: “Mwibaji asiibe tena, bali afadhali afanye juhudi, akitenda kazi iliyo nzuri kwa mikono yake mwenyewe, apate kuwa na kitu cha kumgawia mhitaji.”

Mama anayeuza maharagwe sokoni Kalerwe atasema yeye si mwizi. Hajawahi kuvunja duka la mtu. Lakini mtazame kikombe anachopimia. Ni kikombe cha bati, na chini yake kimegongwa kwa nyundo hadi kitako kikapanda ndani. Mteja anaona kikombe kimejaa hadi kinamwagika, kumbe kimekula mkono mzima wa maharagwe. Wenzake wote kwenye safu ile wanavyo vikombe vya namna hiyo. Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA, na Walawi 19:35-36 inataja vipimo kwa jina lake. Sasa tendo lake aliandike hivi: “Kesho Jumatano, kabla sijapanga mali, nitanunua kikombe kipya na kukitupa hiki. Nikiona sipati faida, nitapandisha bei na kumwambia mteja bei yangu waziwazi.”

Angalia sehemu ya mwisho ya sentensi yake. Utii wa biashara bila hesabu hudumu siku mbili. Huyu mama anajua kikombe kilichogongwa ndicho kilichokuwa kinamlipia ushuru wa soko. Akikiacha bila kuamua pesa hiyo itatoka wapi, wiki ijayo atakigonga kikombe kipya pia. Kwa hiyo akae usiku huo ahesabu: gunia limemgharimu kiasi gani, linatoa vikombe vingapi vya haki, kila kimoja auze bei gani. Anayeuza kwa mizani kazi yake ni nyepesi zaidi: aipeleke ikakaguliwe na shirika la viwango, UNBS, na aiweke mahali mteja anapoweza kuisoma.

Mifano mingine, kwa ufupi. Dereva wa boda: “Leo jioni stejini nitamrudishia yule abiria wa Ntinda elfu mbili ya chenji niliyosema sina.” Mwanafunzi: “Kesho saa nane nitamwambia mwalimu kwamba kazi ile niliinakili.” Baba: “Usiku huu, kabla ya chakula, nitamwomba binti yangu msamaha kwa neno nililomwita mbele ya wageni.”

Angalizo: tendo moja tu. Ukiandika matano utafanya lile rahisi na kujisifu nalo.

Utajua umefaulu kama shahidi wako anaweza kusoma sentensi yako na kujua, bila kukuuliza, siku gani akupigie simu na akuulize nini.

## Hatua ya 4: Omba kabla ya kutoka

Fupi, dakika tano. Mwambie Mungu tendo lenyewe kama ulivyoliandika, pamoja na hofu yako.

Sababu yake ni hii: hutii ili upate kupendwa. Waefeso 2:8-10 inaweka neema kwanza, kisha matendo mema ambayo Mungu aliyatengeneza tangu awali tuenende nayo. Anayetii ili alipie dhambi zake atachoka haraka, au atakuwa mtu mgumu kwa wengine. Wafilipi 2:13 inasema Mungu ndiye atendaye kazi ndani yenu, kutaka kwenu na kutenda kwenu. Omba vyote viwili, kutaka na kutenda.

Usigeuze maombi kuwa njia ya kuahirisha. Mtu anayesema “bado naliombea” kuhusu jambo ambalo Biblia imeliamuru wazi, tayari ameanza kukataa.

## Hatua ya 5: Litende kabla jua la kesho halijatua

Siku moja, si zaidi. Ukivuka siku mbili utaanza kutafuta mistari mingine inayokuruhusu usiende. Kama mtu yuko mbali, tendo la leo ni kupiga simu na kupanga siku ya safari.

Matendo matatu yanawashinda wasomaji kuliko mengine yote, na kila moja lina namna yake.

### Kwenda kupatana na mtu

Mathayo 5:23-24 inasema ukiwa unaleta sadaka na ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka mbele ya madhabahu, uende ukapatane naye kwanza. Hapo wewe ndiye uliyekosa, na wewe ndiye unayetembea.

Tuseme wewe na kaka yako hamjasalimiana tangu mlipogombania mpaka wa shamba huko Tororo. Nenda mwenyewe, usitume mtu, usitume ujumbe wa sauti. Msalimie, uulize habari za watoto, ukubali kiti ukipewa. Kisha sema jambo lako kwa sentensi chache:

“Kaka, nimekuja kwa jambo moja. Siku ya mazishi ya mama nilikuita mwizi mbele ya watu. Nilikukosea. Naomba unisamehe.”

Ukishasema hivyo, nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Usiongeze “lakini na wewe,” wala “kama nilikuumiza.” Neno “kama” linafuta yote uliyotangulia kuyasema.

Anaweza kukujibu: “Umekuja kwa sababu unataka shamba.” Mjibu kwa utulivu: “Mambo ya shamba tutayazungumza siku nyingine mbele ya wazee na mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji. Leo nimekuja kwa ajili ya maneno yangu.” Usichanganye hayo mawili. Mpaka wa shamba una mashahidi na karatasi zake, na kuomba msamaha kwa matusi hakumaanishi umekiri kwamba shamba ni lake.

Na akikufukuza? Warumi 12:18 inasema, “Kama yamkini, kwa upande wenu, mkae katika amani na watu wote.” Upande wako umeutimiza. Rudi nyumbani, uandike, na usiende kusimulia kijiji kizima jinsi alivyokukatalia.

### Kurudisha kilichochukuliwa

Zakayo alipokutana na Yesu alisema atamrudishia mara nne kila aliyemnyang'anya kwa hila (Luka 19:8). Sheria ya Hesabu 5:7 inadai kitu kizima na sehemu ya tano juu yake. Kiwango cha chini basi kinajulikana: pesa ya mtu irudi kwa mwenyewe. Kuipeleka kanisani kama sadaka si kurudisha.

Chukua mfano wa kijana anayetumwa dukani kununua saruji ya jengo la bosi. Anamwomba mwenye duka aandike risiti ya bei ya juu, na tofauti inaingia mfukoni mwake. Kila mtu kwenye saiti anafanya hivyo. Akitaka kutii, aende hivi:

Kwanza, akome leo. Risiti ijayo iwe ya bei halisi. Pili, akae na daftari akadirie kwa haki kiasi alichochukua. Asipokumbuka vizuri, akadirie kwa kumpendelea bosi. Tatu, amweleze shahidi kabla ya kumwona bosi. Nne, aende na pesa mkononi, hata kama ni sehemu tu, pamoja na mpango ulioandikwa wa kulipa zilizobaki kila mwezi. Bosi huamini pesa iliyo mezani kuliko machozi.

Anaweza kufukuzwa kazi. Lazima niseme hivyo wazi, kwa sababu wahubiri wengi husimulia tu habari za waliopandishwa cheo baada ya kuungama. Ajiandae kwa yote mawili. Kama kiasi ni kikubwa, au ni pesa ya umma, azungumze kwanza na mwanasheria na mzee wa kanisa anayeaminika, waende naye. Kuomba ushauri si kukimbia, mradi tarehe ya kwenda imeandikwa.

### Kuacha jambo ambalo kila mtu analifanya

“Chai” ya ofisini, yaani hongo, uongo wa simu (“niko njiani” na hujaoga), umbea wa kikundi cha akiba. Haya hayana mtu mmoja wa kumwendea, kwa hiyo panga mapema neno utakalolisema. Anayeombwa chai ili faili lake lisogee aende na maneno tayari: “Afande (au Mama), naomba risiti ya malipo hayo.” Mara nyingi ombi linaishia hapo. Isipoishia, tenga siku ya pili na ya tatu ya kurudi, maana uaminifu hapa kwetu unakula muda, na anayepanga siku moja tu atatoa chai saa kumi jioni ofisi zikifungwa.

Utajua umefaulu kwa hatua hii kwa kipimo kimoja: je, ulichoandika kimetendeka? Kusamehewa, kushukuriwa, kupata amani moyoni, hivyo ni vizuri vikija. Usivitumie kupimia.

## Hatua ya 6: Mweleze shahidi

Siku moja kwa wiki, saa ile ile. Jumamosi jioni huwafaa wengi kwa sababu Jumapili inakuja. Awe na maswali matatu tu: ulipanga nini? Ulifanya? Kama hukufanya, ulizuiwa na nini?

Yakobo 5:16 inaagiza kuungamiana na kuombeana. Dhambi iliyotajwa kwa sauti mbele ya mtu mmoja hupungua nguvu kwa namna ambayo maombi ya peke yako chumbani hayaifikii haraka. Waamini wa Uganda wanaozungumza habari ya kutembea nuruni, yaani kuungama wazi mbele ya wenzao, wanalijua hili vizuri.

Shahidi asihubiri. Asikilize, aulize, aombe, aondoke. Anachoambiwa hakitoki kwake, isipokuwa kimoja: mtoto akiwa anadhuriwa, au mtu akiwa hatarini. Hapo siri haiheshimiwi. Namba ya 116, Sauti, hupigwa bila malipo kutoka popote Uganda kuripoti mambo ya watoto.

## Hatua ya 7: Andika kilichotokea, kisha amua kubaki au kusonga

Mistari mitatu chini ya ahadi yako: nilifanya, nilijibiwa hivi, nimejifunza hivi kuhusu kifungu. Utashangaa jinsi mstari ule ule unavyosomeka tofauti baada ya kuutenda. Mtu aliyekwisha kuomba msamaha kwa kaka yake anaisoma “mkasameheane” akijua bei yake.

Kama umetenda, chagua amri nyingine katika kifungu hicho hicho, au songa mbele. Kama hukutenda, rudi hatua ya 3 na ulipunguze tendo hadi liwe dogo kiasi cha kufanyika kesho. Hukuweza kumwendea? Tafuta namba yake ya simu. Usifungue kifungu kipya.

## Mambo ambayo si utii

Sehemu hii isomwe hata na anayeruka nyingine, kwa sababu watu wameumia.

Kuacha dawa. Hakuna amri ya Biblia inayokuagiza uache ARV (dawa za virusi vya UKIMWI), dawa za presha, za sukari au za kifafa ili kuonyesha imani. Nabii anayekuambia utupe vidonge hatakuwepo virusi vikirudi kwa nguvu. Omba uponyaji na umeze dawa. Daktari peke yake ndiye wa kukwambia zimetosha.

Kuvumilia kipigo. Kusamehe hakumlazimu mke kulala tena chini ya paa la mtu anayempiga. Uganda ina sheria dhidi ya ukatili wa nyumbani tangu mwaka 2010, na polisi wana kitengo cha familia na watoto. Mchungaji anayemrudisha mwanamke bila kumkabili mume anavunja Biblia kwa kuitumia nusu.

Kuuza shamba kwa ajili ya “mbegu.” Ukiambiwa utoe kiwanja au ada ya shule ya watoto ili upate muujiza, kumbuka 1 Timotheo 5:8: asiyewatunza walio wake ameikana imani. Fikiria juma zima, mweleze shahidi, na mwenza wako akubali. Sadaka ya kweli haiharibiki kwa kusubiri juma moja.

## Mahali pengine watu wanapokwama

“Fulani alipaswa kulisikia hili.” Ukijikuta unamfikiria mtu mwingine wakati wa kusoma, funga kitabu, mwombee, kisha usome tena ukiweka jina lako.

Kuweka utii kwenye status. Ukishapata sifa za watu kwa kuahidi, hamu ya kutenda inaisha. Mathayo 6:1-4 inataka mkono wa kushoto usijue. Shahidi mmoja anatosha.

Kufunga na kukesha badala ya kutenda. Nathamini makesha. Lakini kesha la Ijumaa halilipi deni la Jumatano. Samweli alimwambia Sauli kwamba kutii ni bora kuliko dhabihu (1 Samweli 15:22), na Sauli siku hiyo alikuwa na kondoo wengi wazuri wa kutoa.

Kungoja kusikia hamu. Fanya bila hamu. Amri ya kurudisha deni haikutaja hisia zako.

## Ratiba baada ya Waefeso 4

Kaa na Waefeso 4:25-32 hadi umetenda amri angalau tatu. Kwa wengine ni wiki tatu, kwa wengine zaidi, na hakuna anayekukimbiza.

Kisha ingia Yakobo, sura tano, kidogo kidogo. Anza na 1:19-27, uende 2:14-17 yenye habari ya ndugu asiye na nguo wala riziki, halafu 3:1-12 kuhusu ulimi. Ukifika 5:4, penye ujira wa vibarua uliozuiliwa, angalia kama msichana wa kazi nyumbani kwako na kijana anayelima shamba lako wamelipwa mwezi huu.

Baada ya hapo fungua Mathayo 5 hadi 7. Ina mistari 111 na itakuchukua miezi. Mkitaka kuifanya kikundi, msizidi wanne, na kila mmoja aje na sentensi yake iliyoandikwa, yenye mtu, kitu, mahali na siku. Asiye na sentensi siku hiyo aje tu, asikilize, na aandike yake kabla hamjaachana.